Mrejesho: lager ya Kimeksiko kwa joto la Mwanza

Wakuu, niliuliza kama bia ya kutengeneza nyumbani, lager nyepesi ya Kimeksiko, ile ya kopo la dondoo ya shayiri na pakiti ya hamira, itawezekana kwa joto letu. Imewezekana. Aliyesema nisome pakiti kwanza, ubarikiwe: hamira ni ya ale (bia inayochacha kwenye joto zaidi kuliko lager), inafanya kazi nyuzi 20 hivi, si ya lager halisi inayotaka karibu na 12. Ndoo ya bia ilikaa kwenye beseni la maji, imefunikwa kanga iliyoloa, chupa za barafu asubuhi na jioni. Haidromita (kipimo kinachoonyesha sukari inavyopungua bia ikichacha) ilipobaki palepale kwenye 1.008 ndipo nikajaza chupa na sukari kidogo. Rangi ya dhahabu mpauko, povu la wastani. Harufu ya matunda ipo kwa mbali. Shemeji analalamika, huku anajiongezea bia, sato wa kuchoma pembeni na ndimu yake.