Kulisha wanyama wa porini, kwa imani au kwa huruma tu: watu wa Kigoma tupeane uzoefu

Mleta mada: Mwakeye wakuu. Kijiweni Mwanga kuna jamaa karudi Thailand, anasimulia hekalu la Phra Prang Sam Yot mjini Lopburi. Kila Novemba kima wanaandaliwa karamu ya matunda mezani. Wenyeji wanawahusisha na Hanuman, mungu wa Kihindu mwenye umbo la kima, hivyo kuwalisha kunaleta baraka. Mzee mmoja akadakia, "Waje wawalishe nyani wa Gombe waone cha moto." Mwenye kisa amwage hapa.

Boti ya Kibirizi: Mzee yuko sahihi. Nashusha wageni Gombe. Kuna mama alimtolea mwanawe andazi palepale ufukweni. Dume likaja kama linaenda zake, likampita, likageuka. Likamshika mama kiganja, likachomoa andazi, likakaa hatua tatu mbele yake likila huku linamtazama. Hata kumparua halikumparua! Mtoto ndiye alilia.

Mjukuu wa Mwamgongo: Baba mdogo alifanya kazi mle. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alifika 1960, baadaye sokwe David Greybeard akanogewa na ndizi za kambini, akawavuta wenzake. Ikafika wakati sokwe wanashinda kambini wakingoja, wanagombana, na nyani nao hao. Ndizi zikapunguzwa, zikakoma kabisa mwaka 2000. Lakini baba mdogo hakuwa anazilaumu. Alisema bila ndizi sokwe wangechukua muda mrefu zaidi kuzoea watu. Mimi bado nabishana naye.

Ujiji Asilia: Msiende mbali hivyo, hapo Harar, Ethiopia, fisi wanawekewa uji wakati wa Ashura. Wakiukataa, watu wanaona mwaka utakuwa mbaya. Na fisi wanaingia mjini usiku kwa kawaida, hakuna anayekimbia.

Mleta mada: Ujiji, hao fisi wana adabu. Kima wa Lopburi, corona ilipozuia watalii 2020, walipigana makundi kwa makundi barabarani. 2024 serikali ikaanza kuwakamata.

Mama Kasulu: Bibi yangu alikuwa anawaachia tumbili mstari wa pembeni wa mahindi, ati wakishiba hapo hawataingia shambani.

Boti ya Kibirizi: Walitii?

Mama Kasulu: Wapi! Msimu uliofuata walianzia katikati, ule wa pembeni wakauacha.