Naomba ushauri: kifaa chepesi cha majaribio kwa mradi wa Python

Chipukizi_Kodi
Wakuu, heshima kwenu. Tuko watatu, tunatengeneza programu ya mikopo ya SACCOS kwa Python na Django (mfumo wa kutengenezea programu za wavuti): marejesho ya kila mwezi, riba ya salio linalopungua, faini ya kuchelewa. Kila tukigusa kodi (maandishi ya programu) tunafungua kivinjari na kujaribu kwa mkono. Hizi ni fedha za watu, nataka majaribio yanayojiendesha yenyewe. Nimeona unittest, pytest na Selenium. Tuanze na kipi?

FundiNyoka
Mkuu, chukua pytest. unittest inakuja na Python yenyewe, ila iliiga JUnit ya Java, kwa hiyo lazima uandike klasi na kukariri self.assertEqual na wenzake. Kwa pytest ni fankisheni ya kawaida inayoanza na test_, ndani yake assert moja, yaani sharti ambalo lazima liwe kweli. Ikifeli, unaonyeshwa thamani za pande zote mbili.

Bi_Kanzidata
Naomba kutofautiana kidogo. Yuko kwenye Django, na TestCase ya Django (klasi yake ya majaribio) imejengwa juu ya unittest. Inafuta mabadiliko ya kanzidata kila jaribio likiisha, na inaendeshwa kwa manage.py test. Akitaka pytest itabidi aongeze pytest-django, kiunganishi cha hivyo viwili.

FundiNyoka
Kweli dada, kwa majaribio yanayogusa kanzidata. Lakini hesabu ya riba haiihitaji. Itoe kwenye views (sehemu ya Django inayojibu maombi ya kivinjari), iwe na faili lake: inapokea namba, inarudisha namba. Hapo parametrize ya pytest inalipa: jaribio moja, mifano mingi. Usiache mkopo wa riba 0, maana fomula ya marejesho sawa hugawanya kwa sifuri hapo. Mkopo wa 1,200,000 kwa miezi 12 bila riba urudishe 100,000 kila mwezi. Na TestCase zako za Django hazipotei, pytest-django inaziendesha pia.

Mhenga255
Nyongeza mbili. Tumieni Decimal (inayotunza desimali kama zilivyoandikwa), si float (inayozikadiria). Kwa float 0.1 + 0.2 hailingani na 0.3, na senti za namna hiyo zikikusanyika vitabu havifungi. Pili, fankisheni ya faini isisome tarehe ya leo yenyewe, ipewe tarehe. Vinginevyo jaribio linapita leo na kufeli mwezi ujao bila mtu kugusa kitu. Selenium iacheni kwanza. Inaendesha kivinjari kizima, ni nzito.

Chipukizi_Kodi
Asanteni sana, tunaanza na pytest kwenye hesabu. Swali moja: majibu sahihi ya kuweka kwenye assert nayatoa wapi? Nichukue yale programu inayotoa sasa?

Bi_Kanzidata
Hapana, hapo utakuwa unathibitisha kosa lililomo tayari. Kaa na mhasibu wa SACCOS, mchague mikopo michache iliyokwisha kulipwa, aipige hesabu mwenyewe kwa masharti yao. Muulize pia senti zinazobaki wanazipeleka kwenye rejesho la kwanza au la mwisho. Hilo hakuna kifaa kitakachokwambia.