Naomba ushauri: meditesheni naianzaje?

Habari zenu wakuu. Nataka kuanza meditesheni, kinachonisukuma ni hasira za karibu na usingizi wa mang'amung'amu. Tatizo nikikaa kimya kufuatilia pumzi, sijafika mbali akili ishahamia kwenye madeni, mguu nao umekufa ganzi. Naambiwa mawazo kuhama ni kawaida, kazi yenyewe ni kuyarudisha kwenye pumzi bila kujilaumu. Sawa, ila mbona naishia kuchoka zaidi?

Kuna pia yale mafunzo ya wiki 8 ya kupunguza msongo, aliyoyaanzisha Jon Kabat-Zinn huko Marekani mwaka 1979. Mtu anaweza kujifundisha mwenyewe nyumbani?

Wazoefu, mlianza na dakika ngapi? Kukaa kwenye kiti inakubalika? Wale wa "we lala tu", piteni kwa amani.