Kipimo cha kubandika mgongoni kwa aleji ya glavu, kinatosha?

Nesi_wa_zamu: Habari zenu wadau, mimi ni nesi na glavu za mpira navaa kutwa nzima, sasa mikono inawasha balaa, katikati ya vidole inapasuka na kutoka vipele vya maji, ila haianzi pale pale, ni kesho yake au hata keshokutwa. Daktari wa ngozi kanipangia kipimo cha kubandika mgongoni. Kinafanyikaje, na kikitoka hasi ndo sina aleji ya mpira?

Kibandiko: Pole sana dada. Wanakubandika vijisahani vidogo vidogo mgongoni, kila kimoja na kemikali yake, unakaa navyo saa 48 bila kulowesha mgongo wala kutoka jasho maana vikiachia kipimo kimeharibika. Wakibandua wanasoma, halafu unarudi tena kama siku ya nne, na hiyo usiikwepe kabisa kwani kuna kemikali zinachelewa kujitokeza. Kama unameza prednisoloni (vidonge vya steroidi) au unapaka krimu ya steroidi mgongoni sema mapema, zinaficha majibu.

Dk_Ngozi: Hapa ndo wengi wanachanganya. Yako ya kesho yake mara nyingi ni ya kemikali za kiwandani zinazokomaza mpira, kama thiuramu na kabameti, na hizo ndo kipimo cha mgongoni kinazikamata. Nyingine ni ya protini za utomvu wenyewe wa mti wa mpira, hiyo haisubiri, ndani ya dakika chache unatoka mabaka, mafua, kifua kinabana, hata presha kushuka ghafla, na inapimwa kwa kuchoma ngozi kidogo mkononi (majibu dakika 15 hadi 20) au damu kuangalia IgE (kingamwili za aleji). Kwa hiyo mgongo ukitoka safi bado protini hujazipima. Ukipuliza puto midomo inawasha? Ukila ndizi, parachichi au kiwi je, maana protini zake zinafanana na za mpira?

Nesi_wa_zamu: Puto hapana, ila parachichi kweli koo linawasha, yaani sikujua vinahusiana kabisa! Nikihamia glavu za nitraili (mpira wa kutengenezwa, si wa utomvu) si yataisha?

Kibandiko: Kama ni protini, ndiyo. Kama ni kemikali angalia sana, nitraili nyingi zina kabameti zilezile, tafuta zilizoandikwa hazina akseleta, yaani hizo kemikali za kukomaza mpira.

Dk_Ngozi: Na kunawa sabuni kila saa nako kunachubua mikono bila aleji yoyote, mweleze daktari. Nenda na glavu zako, wengine hukata kipande wakakibandika pia, ila kwa hilo la parachichi omba damu ipimwe kwanza kabla hicho kipande hakijagusa mgongo wako.