Hivi fetch, ile amri ya kuchukua mstari wa data, mnadhani inachungulia tu?

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Nimeachiwa mfumo ulioandikwa kwa PHP, lugha ya programu, wa SACCO moja ya watu wa bodaboda hapa Kampala. Aliyeutengeneza alilipwa pesa yake yote, akapotea. Kila mwisho wa mwezi kuna mama hayumo kwenye orodha ya akiba. Mama huyohuyo! Jumla ya chini ina pesa zake, ila jina halipo. Si mnajua watu watasema nini: mhazini anakula. Mzee wa watu kaitwa mwizi pale stejini mbele ya vijana.

Nikafungua msimbo. Jamaa alitaka kujua kama matokeo yapo, basi kaweka mysqli_fetch_assoc, ambayo ndiyo fetch yenyewe, ndani ya if (sharti), halafu chini yake while (kitanzi cha kurudia) yenye fetch ileile. Haichungulii, ndugu yangu, inachota! Ukiiita mara moja umeshakabidhiwa mstari, na inayofuata itakupa wa pili. Ule wa kwanza kautupa. Na kwa kuwa swali la kuomba data lina ORDER BY jina, yaani orodha inapangwa kwa alfabeti, na jina la mama linaanza na A, anayetupwa ni yeye tu, mwezi nenda mwezi rudi. Jumla inatoka kwenye swali jingine lenye SUM ya kujumlisha, ndiyo maana haikupungua hata shilingi. Kama ulitaka kujua idadi, mysqli_num_rows ipo na haili mstari wa mtu.

Faili la Excel nalo lina kila kolamu mara mbili. Katumia mysqli_fetch_array bila kuiambia anataka nini, na hiyo ukiiacha hivyo inakupa kila kitu kwa namba na tena kwa jina la kolamu. Foreach, kitanzi cha kupitia kimoja kimoja, ikapita kote. Karani wa watu anafuta kolamu kwa mkono kila mwezi akidhani kompyuta ndivyo zilivyo.

Lakini kilichonichoma ni tawi la pili. Kule walimlalamikia jamaa mapema, tatizo lilelile. Unadhani aligusa msimbo? Wapi! Alisajili mwanachama hewa, jina AAA, ili awe anamezwa huyo.

Jana usiku nimerekebisha. Leo asubuhi, hata chai sijanywa, mhazini wa tawi hilo kanipigia simu anafoka: AAA ni nani, na nani kamwingiza kwenye SACCO bila kikao?