Naomba ushauri: nipimeje ukingo wa ziwa na afya ya maji yetu?

Habari zenu ndugu. Naishi mwaloni karibu na Entebbe, na ufukwe wetu unaliwa. Mei 2020 Ziwa Victoria lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaipita rekodi ya 1964. Maji yakaingia hadi kwenye vichanja vya kuanikia mukene (dagaa). Yalipopungua, ukingo haukurudi pale pale.

Mimi na vijana wawili tumepiga vigingi, na kila Jumamosi tunapima kwa futi kamba umbali hadi majini. Shida ni upepo: ukivuma usiku, asubuhi kipimo kimebadilika. Je, tufuate mstari wa maji, au pale majani yanapoanzia?

Kinachoniumiza zaidi ni maji yenyewe. Siku nyingine yanakuwa kijani kizito kama rangi ya ukutani, na watoto wanaoga humo humo. Vijimea vinavyoyapa maji rangi hiyo, vingine vina sumu, na kuchemsha hakuiondoi. Kisahani cha Secchi, kile kinachoshushwa majini kwa kamba hadi kisionekane, naweza kukitengeneza kwa bati, ila hicho hupima uangavu tu.

Aliyewahi kupeleka sampuli maabara Jinja au Kampala, tafadhali: unazihifadhije njiani, na gharama ikoje?