Utando wa PNIPAM: protini inanasa vizuri, kuitoa ndiyo shida

Fundi_Protini: Wakuu, habari za kazi. Nasafisha kingamwili kwa utando wa selulosi uliopandikizwa PNIPAM, polima inayobadilika kwa joto: ikipoa hufunguka na kupenda maji, ikipata joto hujikunja na kuyakwepa. Napakia kwenye nyuzi 40 pamoja na amonia salfeti, inanasa safi kabisa. Nikishusha hadi 25 inatoka kidogo mno. Si mpaka wake, yaani joto ambalo polima hubadilikia, ni nyuzi 32? Nakwama wapi? Huu utando naupenda kwa sababu hauhitaji asidi kuitoa kingamwili, na asidi huifanya igandamane.

MamaMaabara: Mkuu, hiyo 32 ni kwenye maji matupu. Chumvi hushusha huo mpaka, na amonia salfeti ni miongoni mwa zenye nguvu. Kwa hiyo kwenye 25 minyororo ya polima yako huenda bado imejikunja, inakwepa maji na kung'ang'ania protini. Badili bafa (myeyusho unaoupitisha kwenye utando), weka isiyo na chumvi, kisha shuka hadi 4 au 10.

Kichujio: Naongezea: pima joto la bafa inayotoka, usitegemee la kwenye bafu la maji. Kishikio cha chuma cha utando hukaa na joto muda mrefu. Halafu tazama kipimo cha shinikizo. Minyororo ikivimba hubana matundu, shinikizo hupanda mtiririko ukiwa uleule. Usipoona hilo, polima haijafunguka.

Fundi_Protini: Shinikizo langu halijasogea kabisa! Asanteni sana, kesho naanza na bafa ya baridi isiyo na chumvi.

MamaMaabara: Ipoze kabla ya kuisukuma, na simamisha pampu kidogo utando upoe.